Anayeshika Mwanga Ndiye Anayeshika Usingizi

Mhadhara kwa wafanyakazi wa shifti, familia na majirani zao, Mukuru kwa Njenga

Nyinyi mliotoka nait, yaani shifti ya usiku, asubuhi hii mkapitia hapa kabla ya kwenda kulala, nawashukuru, kwa sababu muda mnaonipa mmeukata kwenye usingizi wenu.

Nimeombwa nizungumzie usingizi uliovurugika na namna ya kuurudisha. Nimekuja na jambo moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Mwili una saa yake, na saa hiyo hupangwa na mwanga kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo mtu ambaye usingizi umemkataa ajiulize kwanza: mwanga wangu uko mikononi mwa nani? Sehemu iko kwa jua, sehemu iko kwa simu yangu, sehemu iko kwa taa ya mtaa na kwa jirani, na sehemu kubwa iko kwa mwajiri anayeamua niingie kazini saa ngapi. Tukiachana leo, nataka kila mmoja ajue ni kipi anachoweza kukirekebisha mwenyewe, na ni kipi lazima aketi na wenzake wakidai.

Saa iliyo ndani

Mwaka 1729, mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo. Majani ya mmea huo hufunguka mchana na kujikunja usiku. Huko gizani yaliendelea kufunguka na kujikunja kwa wakati wake, ingawa jua hayakuliona. Ilikuwa dalili ya kwanza kwamba kiumbe hai hubeba saa mwilini. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha, kupitia nzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Kwetu binadamu, saa kuu ni kishada cha seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ikiachwa bila mwongozo, mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache. Leo itachelewa kidogo, kesho itachelewa zaidi, na baada ya wiki kadhaa usiku wako na usiku wa watu wengine havionani tena. Kinachoirudisha kwenye mstari kila siku ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huiwahisha. Mwanga wa jioni na wa usiku huichelewesha. Giza likitanda, tezi ndogo ubongoni humwaga melatonini, homoni iliyogunduliwa na Aaron Lerner na wenzake mwaka 1958, na joto la mwili huanza kushuka. Hushuka hadi karibu saa kumi au kumi na moja alfajiri, kisha hupanda tena kujiandaa kwa siku mpya.

Kuna nguvu ya pili. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zürich alieleza kwamba usingizi hutawaliwa na vitu viwili: saa hiyo niliyoitaja, na njaa ya usingizi inayojikusanya kadiri mtu anavyokaa macho. Nguvu hizo mbili zikikutana, mtu hulala fofofo. Zikiachana, unampata yule kijana wa nait ambaye mwili umechoka hadi mikono inatetemeka, lakini saa nne asubuhi macho yanatazama paa. Njaa ya usingizi inamwambia lala. Saa inamwambia kumekucha. Kijana huyo hajarogwa wala si mvivu, na mama mkwe asimseme.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana vitabu vingi vya usingizi viliandikiwa watu wenye chumba cha kulala. Wengi wetu tuna chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati, pazia linalokata kitanda na viti. Upande huu wa pazia mtoto anafanya homuwaki, redio inaongea, sufuria ya sukuma iko motoni. Upande wa pili baba anajaribu kulala kwa sababu shifti yake inaanza saa kumi na mbili jioni.

Mchana nyumba hii ina shida ya giza kuwa jingi mno. Hata siku ya mawingu ya Julai, anga la nje hutoa mwanga wa maelfu ya laksi, kipimo cha wataalamu. Ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dirisha, balbu moja ikiwaka, mara nyingi hupati hata mia moja. Mtu anayeamka akabaki ndani hadi saa nne, mlango umerudishwa, hajaiambia saa yake kwamba kumekucha.

Usiku shida hugeuka. Mulika mwizi inawaka juu ya mlingoti hadi alfajiri, na miale yake inapenya pale paa linapokutana na ukuta. Sisemi taa hizo zizimwe. Mwanamke anayetoka usiku kwenda choo cha ploti anajua thamani yake. Nasema mwanga wake uishie nje: ziba ule mwanya, tundika leso nzito upande wa kichwa, au funga kitambaa cheusi machoni. Na simu, ambayo tunaishika sentimita chache kutoka usoni, iwekwe mbali na kitanda.

Halafu kuna joto. Usingizi hupenda mwili unaopoa, na mabati hayaujui upole huo. Kuanzia saa tano jua linapiga paa, saa saba ndani hapakaliki. Ndiyo maana anayelala mchana hapa hupata saa tatu au nne za mwanzo, kisha huamka amelowa jasho akidhani ni ugonjwa. Landilodi akiweka dari chini ya mabati na matundu ya hewa juu ya ukuta, amempa mpangaji wake saa mbili za usingizi kila siku.

Niongeze onyo ambalo halihusu starehe. Ukifunga mlango na kuziba mianya ili upate giza, jiko la makaa lisiwe ndani, hata kama makaa yamebaki majivu mekundu tu. Gesi yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na aliyelala haihisi. Giza lipatikane kwa kitambaa cha macho, hewa iendelee kupita.

Kwa anayefanya kazi mchana

Kuna aliyeacha nait akarudi kazi za mchana, kuna aliyekosa kibarua miezi miwili akazoea kulala saa tisa usiku, kuna kijana aliyemaliza shule akashikwa na simu. Hawa wote dawa yao ni moja, na huanzia asubuhi.

Chagua saa ya kuamka, uishike kila siku, Jumapili ikiwemo. Watu wengi hufanya kinyume: hujilazimisha kulala mapema. Usingizi haulazimishwi. Saa ya kuamka unaweza kuilazimisha, na ukishaishika, saa ya kulala hujileta yenyewe baada ya siku kadhaa kwa sababu njaa ya usingizi inaanza kujikusanya mapema.

Ukiamka, toka nje, nusu saa au zaidi. Sisi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ndugu zetu walio Stockholm, Desemba inapofika, hununua taa maalumu ili wapate kile tunachokipata bure mlangoni. Foleni ya maji na mtungi wa lita ishirini ni mwanga. Kutembea kwa miguu kuelekea Industrial Area ni mwanga. Mama anayeosha nguo nje saa moja asubuhi anairekebisha saa yake huku akifua.

Kama sasa unalala saa nane usiku na unataka kulala saa nne, usiruke saa nne kwa siku moja. Wahisha kuamka kwa nusu saa, kaa hapo siku mbili tatu, kisha wahisha tena. Saa ya mwili hukubali kuwahishwa kwa shida na kucheleweshwa kwa urahisi, kwa hiyo ipe mwendo wake.

Chai ya rangi na kahawa zikome saa nane mchana. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Ukihitaji kujilaza mchana, dakika ishirini zinatosha, kabla ya saa tisa. Na ukilala usiku usingizi usije, usigaagae ukihesabu saa zilizobaki. Inuka, keti kwenye kigoda upande wa pili wa pazia, taa ikiwa hafifu, hadi macho yawe mazito, ndipo urudi. Kitanda kijulikane na ubongo kuwa mahali pa kulala, pasiwe mahali pa kupigana.

Kuhusu vijana wa sekondari nina neno fupi kwa wazazi wao. Katika kubalehe saa ya mwili huchelewa yenyewe. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye hasinzii saa tatu usiku hakukosei adabu. Mpe jua la asubuhi, mnyang'anye simu usiku, na mpunguzie lawama.

Kwa anayefanya nait

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu Mukuru inalisha Industrial Area usiku na mchana. Saa kumi na mbili asubuhi nendeni mkasimame kwenye lango la kiwanda chochote cha plastiki, cha vyuma, cha sabuni au cha mikate. Mtaona foleni mbili zikipishana: ya wanaotoka nait, macho mekundu, na ya vibarua wanaongoja kuchaguliwa. Ongezeni soja wa Imara Daima, wapakiaji wa mizigo kule uwanja wa ndege, na mama anayeamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kuchukua mboga. Mtaa huu una maelfu ya watu wanaoishi kinyume na jua.

Mkae mkijua ukweli huu: wengi hawazoei nait kikamilifu, hata baada ya miaka. Kila asubuhi wanaporudi nyumbani jua linaipiga saa yao na kuirudisha mchana. Siku ya ofu wanarudi kulala usiku na familia, na kazi yote inaanza upya. Mwaka 1938 mtafiti wa usingizi Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliingia katika pango la Mammoth, Kentucky, wakakaa siku 32 bila jua wakijaribu kuishi siku za saa 28. Richardson, kijana, alizoea. Kleitman, aliyekuwa na umri wa miaka 43, mwili ulimkatalia. Kwa hiyo mwenzako akikwambia yeye nait haimsumbui, mwamini, lakini usijipime kwa mwili wake.

Yanayowezekana ni haya. Ukiwa kazini, kaa penye mwanga mkali nusu ya kwanza ya usiku. Kahawa inywewe mwanzoni, isivuke saa nane usiku. Miraa na muguka hushikilia macho hadi jua limepanda, kisha hukuachia siku iliyoharibika. Anayetafuna hadi alfajiri ameuuza usingizi wa asubuhi. Ukitoka, vaa kofia yenye ukingo uishushe, nenda moja kwa moja nyumbani, kula chakula chepesi, ulale kabla mabati hayajapata moto. Vile viziba masikio mnavyopewa kwa ajili ya mashine, vipya na safi, vitakufaa kitandani pia. Kabla ya nait ya kwanza ya wiki, lala alasiri kwa saa moja unusu ili usiingie na deni.

Kwa siku za ofu kuna njia ya katikati. Watafiti wa Manchester, Minors na Waterhouse, walionyesha kwamba mtu akilinda angalau saa nne za usingizi zinazoangukia wakati uleule kila siku, saa ya mwili hupata mahali pa kushika. Mfano: siku za kazi unalala saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Siku ya ofu, badala ya kulala saa tatu usiku, kaa na familia, lala saa kumi alfajiri uamke saa sita mchana. Saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana zinabaki ni zako siku zote saba. Ofu hiyo haitakuwa kamili. Lakini utaamka Jumatatu ukiwa mtu.

Ploti nzima

Lakini giza na kimya cha saa mbili asubuhi hadi saa tisa, huyu mtu wa nait atavipata wapi? Watoto wanacheza kwenye korido, fundi anachomelea, spika ya kibanda imeelekezwa mlangoni. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinabana zaidi usiku kuliko mchana. Mchana umehesabiwa kuwa wakati wa kelele. Anayelala mchana hana sheria inayomkumbuka. Ana jirani tu.

Majirani kulindana usingizi kunawezekana, na kuna ushahidi wa karibu nasi. Wahadza wanaishi kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, na hadi leo baadhi yao huwinda na kuchuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kila wakati palikuwa na mtu macho. Watafiti waliona hapo ulinzi wa zamani sana: mmoja analala kwa amani kwa sababu mwingine yuko macho.

Ploti zetu ziko hivyohivyo, ila hatujaketi tukakubaliana. Soja anayelinda usiku ili sisi tulale, tunamlipa kelele mchana. Mwanamke wa nait ana mzigo wa ziada: akirudi saa moja asubuhi anapika, anafua, anapeleka mtoto shule, analala saa sita wakati mabati yanawaka. Akina baba, usingizi wa mkeo ni kazi ya nyumba kama kazi nyingine. Mpeleke mtoto shule wewe.

Mwenye ratiba

Nimefika kwa mwajiri, na hapa nazungumza kwa uchungu. Tunaweza kuziba kila mwanya wa nyumba, lakini ratiba mbaya itafumua yote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo ni haki. Msiiombe kama fadhila. Lakini Amri ya Jumla ya Mishahara inaweka ukomo wa saa 52 kwa wiki kwa mfanyakazi wa kawaida, na saa 60 kwa wa usiku. Yaani anayefanya kazi inayoumiza mwili zaidi ndiye aliyewekewa saa nyingi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya shifti inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na likarudia uamuzi huo kuhusu kazi ya usiku mwaka 2019. Haina maana kwamba kila wa nait ataugua. Ina maana kwamba saa hizo nane za ziada hazina utetezi, na vyama vya wafanyakazi na wabunge wetu wazikatae.

Mwajiri anayejali faida pia nina habari kwake. Mwaka 1982, Charles Czeisler na wenzake walichapisha matokeo kutoka kiwanda cha madini cha Utah, Marekani. Shifti zilikuwa zikizunguka kinyume na saa ya mwili na kubadilika kila wiki. Zilipogeuzwa zizunguke kuelekea mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku, na kubadilika kila baada ya siku 21, wafanyakazi waliridhika zaidi, walioacha kazi walipungua, na uzalishaji ukapanda. Na watafiti wa Australia mwaka 1997 walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Anayempa kibarua shifti mbili mfululizo mbele ya mashine ya kukata, amemweka mlevi pale.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, unataka saa 11 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kibarua wa Mukuru hujua shifti yake langoni, asubuhi hiyohiyo. Hapo hakuna ushauri wa usingizi unaoweza kumfaa. Saa yake ya mwili imeshikwa na mwenye daftari la majina.

Lini umwone daktari

Wapo ambao usingizi uliondoka siku nyumba ilipoondoka. Baada ya bomoabomoa ya mwisho wa mwaka 2021 watu walilala nje penye mvua, na baada ya mafuriko ya Aprili 2024 wengi wa kando ya Mto Ngong hushtuka kila mvua ikinyesha. Kukaa macho penye hatari ni akili timamu. Lakini ikiwa usingizi unakukataa usiku tatu au zaidi kwa wiki, na umevuka miezi mitatu, mwone daktari. Kuna tiba ya mazungumzo na mazoezi ya tabia ambayo wataalamu huitanguliza kabla ya dawa. Msijitibu kwa tembe za mafua zinazosinzisha, wala kwa pombe, ambayo hukulaza haraka na kukuamsha saa nane usiku. Na anayekoroma akikatika pumzi, kisha akasinzia mchana hata akiwa amesimama, aende hospitali mapema.

Ndugu zangu, ninawaachia kazi tatu. Kesho asubuhi, kila asiye wa nait achague saa ya kuamka na atoke nje. Wiki hii, kila ploti iketi na keateka, iandike mlango gani una mtu wa nait, na ikubaliane saa za kimya kwa ajili yake, angalau kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Na mwezi huu, wafanyakazi wa kila kiwanda wamchague mtu wa kupeleka ombi moja kwa mwajiri: ratiba ibandikwe wiki moja kabla, na shifti zizunguke kuelekea mbele. Ombi hilo halimgharimu mwajiri mshahara wa mtu mmoja zaidi. Mkinialika tena, nitauliza ni ploti ngapi zimeketi, na nitauliza ni viwanda gani vimejibu.